Wafiwa wa Dokta Khulud

Jumatatu hiyo mgonjwa wa mwisho wa Dokta Khulud alikuwa na gego bovu lililogoma kutoka. Khulud alilitikisa, akalibembeleza, mpaka likaja na mizizi yake yote. Akanawa mikono, akavua barakoa, ndipo akamruhusu Brightson, wakala wa bima, aingie. Brightson alikuwa amekaa mapokezi ya kliniki ile ya Mwananyamala tangu adhuhuri, amekumbatia mkoba wake kama mtu aliyebeba mayai.

"Dokta, nyumba yenu inasimama kwa mikono yako," alisema. "Bwana Matar duka limefungwa, mama mkwe yupo, binti bado mdogo. Ukianguka wewe, wamekwisha wote."

Hilo Khulud hakuhitaji kuambiwa. Tangu duka la vitambaa la mumewe lilipofilisika, hakuna sahani iliyofika mezani bila kupitia midomoni mwa wagonjwa wake. Alimfikiria Afrah, bintiye wa miaka tisa, akakata bima ya maisha.

Kesho yake alasiri alirudi nyumbani Kinondoni, akakuta turubai la msiba limeota uani. Hakuna aliyelisimamisha. Lilichipua mchangani pamoja na nguzo zake, na viti vya plastiki vilikuwa bado vinajitokeza kimoja kimoja, kama uyoga baada ya mvua. Kilichomkera Khulud ni kwamba limeziba mahali anapoegesha gari.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marhaba, mwanangu. Kuna msiba," alijibu mama mkwe wake, Bi Wahiba, huku anachambua mchele.

"Wa nani?"

"Wako. Kabadilishe nguo, watu washaanza kuja."

Majirani walimpa Matar mkono wa pole, kisha wakampa na Khulud, maana marehemu naye alikuwa mwenyeji. "Alikuwaga na mkono mwepesi huyu, hata sindano ya ganzi huisikii," mwanamke mmoja alimwambia yeye mwenyewe, akitokwa na machozi ya kweli. Khulud alimshukuru, akaenda kuongeza maji kwenye birika, kwa sababu msiba bila kahawa ni aibu ya mwenye nyumba.

Akiwa jikoni alimsikia mumewe nje. "Nilijaliwa mke," Matar alikuwa anawaambia wanaume. "Na ile nyumba ya Mbweni, nadhani sasa itaezekwa." Aliyasema kwa huzuni, na huzuni yenyewe haikuwa ya kuigiza. Hapo ndipo Khulud alipoogopa. Angemkuta anachekelea, angejua la kufanya. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Kwenye misiba ya wengine watu huanua matanga siku ya tatu. Huu haukuanuliwa. Khulud akaanza kujichunga. Chai ya nyumbani hakuigusa tena. Kabla ya kuchomeka pasi aliukagua waya wote. Matar akimuuliza, "Umelalaje, Mama Afrah?" alisikia swali la pili chini ya lile la kwanza. Supu aliyoletewa na mumewe alimwonjesha paka. Paka hakufa, alinenepa, akawa anampokea getini kwa mapenzi makubwa kuliko ya binadamu wote wa nyumba ile.

Wiki ya pili akamwita Brightson.

"Inawatokeaga wateja wetu wenye kipato kizuri," Brightson alisema. "Haina madhara."

"Kwa nani?"

Brightson alishughulika na zipu ya mkoba wake. Kisha akamshauri aiache bima ya maisha, akate ya mikono. Daktari wa meno akipoteza mkono wa kazi analipwa, na bima hiyo haijawahi kuota turubai. Khulud akakubali.

Ni kweli, alasiri ile turubai lilizama mchangani lilikotoka, na waombolezaji wakaaga. Matar alimpokea mkewe kwa kumbusu mkono wa kulia, akaushikilia kupita kiasi cha desturi. Ijumaa Bi Wahiba akamwita uani, akamkabidhi panga na nazi.

"Hii imenishinda, mwanangu. Ivunje wewe. Nazi ishike kwa kulia, isikuponyoke."

Katika nyumba ile nazi zilivunjwa na Matar. Tangu Khulud aolewe hakuwahi kuachiwa hata kisu cha kukatia samaki, kwani kila mtu alijua mikono ile ndiyo inayowalisha.

"Mbona Matar yupo, mama?"

"Kapumzika."

Khulud aliliweka panga chini taratibu. Alishikwa na hasira, na nyuma ya hasira ukaja uchungu. Watu hawa alikuwa amewalisha, akawavisha, akawatibu meno yao bure. Alitamani aachane na bima kabisa siku hiyohiyo. Lakini akigongwa na lori kesho, Afrah atakula nini? Kuwakomoa wakubwa kungekuwa kumwadhibu mtoto. Basi akampigia simu Brightson, akaondoa bima ya mikono, akarudisha ya maisha. Afadhali kutamaniwa mzima mzima kuliko vipande vipande.

Kabla ya magharibi turubai lilishachipua. Waombolezaji wakarudi, kila mtu akakikumbuka kiti chake. Matar alimuuliza kwa upole kama kesho ataingia kazini. Alipojibu ndiyo, Matar alisema, "Alhamdulillahi," akarudi kupokea pole.

Khulud aliketi mkekani na wanawake, akala pilau kwenye sinia lililokwisha kuguswa na mikono mingi. Afrah akaja kujibanza ubavuni mwake. Alikuwa amevishwa mtandio mweusi wa bibi yake, umemzidi urefu.

"Mama," alinong'ona, "bibi kasema nikae tayari. Mie nilie saa ngapi?"

Khulud alimrekebishia mtandio, akamsogezea mnofu.

"Bado, mwanangu. Kula kwanza."

Afrah alitii. Alikula, akanawa, kisha akaketi kwa adabu katikati ya wanawake, akasubiri.