Saa Kumi Kamili Uwanjani Geita

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano, na Noela Masalu alikuwa ameshachoka kabla mpira haujaanza.

"Mwalimu, tusubiri," alisema Mzee Sostenes, mwenyekiti wa kamati ya ligi. "Mgeni rasmi bado yuko kikaoni."

"Wiki iliyopita tulisubiri mpaka giza likaingia, Mwenyekiti. Timu ya Maganzo ikarudi kwao bila kucheza!"

"Itifaki ni itifaki."

Noela aliacha kufundisha michezo shuleni ili aanzishe ligi ya kulipwa ya netiboli, timu sita, kutoka Geita hadi Shinyanga. Alibandika mabango kata nzima ya Kalangalala, akawavalisha bodaboda vizibao vyenye jina la ligi, akambembeleza Rushabh wa duka la vifaa vya ujenzi hadi akakubali kudhamini. Leo redio ilikuwa inatangaza moja kwa moja, saa kumi kamili. Na bado kila Jumamosi kamati ilimtafutia mtu mwingine wa kusubiriwa.

Wasichana wa Maganzo walikuwa wamepasha misuli mara mbili juani. Mtangazaji wa redio alimwonyesha Noela saa yake ya mkononi.

Noela akamwendea mwamuzi. "Philomena, anzisha."

Philomena alimtazama mwenyekiti. "Mayu, mama yangu, nitaulizwa."

"Waambie waniulize mimi."

Filimbi ikalia. Sostenes alisimama, akaketi, akasimama tena, akitafuta wa kumlalamikia. Watu wote walikuwa wanatazama mpira.

Mgeni rasmi aliingia robo ya tatu. Sostenes akaja mbio. "Simamisha! Asalimiane na wachezaji!"

"Atawasalimia wakimaliza. Mtafutie kiti."

Viti vilikuwa vimejaa. Mgeni alijibana kwenye benchi kati ya wachimbaji wawili, na Maganzo walipokosa goli, alipiga kelele kuliko wachimbaji hao.

Jumatatu kamati ilimwandikia Noela barua ya kumtaka ajieleze. Alikuwa anaisoma huku akisonya, simu ikaita. Alikuwa Juliana, nahodha wa Maganzo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nawe una malalamiko?"

"Hapana. Naomba ratiba ya msimu mzima. Nataka nitafute mtu wa kunishikia mgahawa siku za mechi. Mwanzo sikuhangaika, sikujua kama tutacheza kweli."

Kamati ilikuwa imepitisha mechi mbili tu za mbele. Noela alivuta pumzi, akafungua daftari.

"Una kalamu? Haya, andika," alisema, akamsomea zote nane zilizobaki.