Mawe Kumi na Manne Yasiyo na Namba

Nikikusimulia hili utasema nimeongeza chumvi, na sitakulaumu, maana hata waliokuwepo bado wanabishana. Kuna mji mzima ulikaa upande usio wake wa lango lake lenyewe, miaka nenda miaka rudi, na aliyejua ni mzee mmoja tu. Na huyo mzee hakumwambia mtu. Alidhani kila mtu anajua.

Twende taratibu, usije ukachanganyikiwa kama wao.

Lango lenyewe ni la kale, nguzo mbili nene na juu yake tao la mawe ishirini na tisa. Upande mmoja kuna soko, benki na ofisi za manispaa. Watu huko hupaita ndani. Upande wa pili kuna uwanja wa nyasi na nyumba chache, na huko hupaita nje. Ukizaliwa ng'ambo ya uwanja utaitwa mtu wa nje mpaka uzeeke. Muulize Spidi, kibarua mmoja aliyepewa jina hilo kwa sababu ni mzito kama gunia lililolowa. Kila asubuhi akifika kazini wenzake humpokea, "Karibu mjini, mgeni. Umekuja na barua ya mwenyekiti?"

Sasa tao lilikuwa limeanza kulala. Ikaamuliwa lishushwe jiwe kwa jiwe, nguzo zibaki, kisha lijengwe upya kwa mawe yale yale. Kazi akapewa yule mzee niliyekutajia, fundi mwashi, pamoja na binti yake. Binti huyo mafundi walimwita Patasi, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Alikuwa na ndoto moja tu, yaani moja: siku tao litakapofungwa, lile jiwe la juu kabisa katikati aliweke yeye kwa mikono yake.

Na tao la mawe si ukuta, ndugu yangu. Kila jiwe limechongwa jembamba chini, pana juu, likae pale pale palipo pake, yabanane kama abiria wa benchi moja, mmoja akiinuka wote chini. Jiwe la tatu haliwezi kukaa mahali pa jiwe la nne. Kwa hiyo kabla ya kushusha unaandika namba.

Kwenye ukoo wao kuna kanuni ya kuandika, babu kamwachia baba, baba kamwachia binti: fundi huhesabu kama mgeni. Yaani unasimama nje ya lango, kama mtu anayetaka kuingia, unaanza mguu wa kushoto chini, unapanda mpaka juu, unashuka mguu wa kulia.

Jumatatu mzee akapanda jukwaa upande wa soko, nyuma ya turubai lililofungwa ili vumbi lisiwaingie wenye maduka. Akaandika kwa rangi nyekundu, moja mpaka kumi na nne, na kumi na tano kwenye jiwe la juu. Usiku homa ikamshika. Jumanne akampigia bintiye simu.

"Mama, mguu wa kushoto nimemaliza, na la juu nimemaliza. Wewe malizia wa kulia, kumi na sita kushuka mpaka ishirini na tisa. Simama nje, kama mgeni."

"Sawa, baba. Wewe kunywa dawa."

Patasi akachukua kopo lake la rangi, akaenda nje. Na nje ni wapi? Ni uwanjani, mtoto wa chekechea anajua. Akasimama kwenye nyasi, akatazama mguu wa kulia, akaandika namba zake safi. Akapiga picha na simu, yeye mbele, tao lote nyuma yake. Kisha akaenda kumuuguza baba yake, siku mbili yuko naye zahanati, na vibarua wakashusha mawe wenyewe.

Jumatatu iliyofuata baba na binti wakarudi pamoja. Mawe yamepangwa uwanjani, yamelala kama ng'ombe. Mzee akainama kwenye la kwanza.

"Hili ni namba tatu."

Spidi akaligeuza. "Huku limeandikwa ishirini na saba, fundi."

"Haiwezekani."

"Hata mimi nasema haiwezekani, lakini soma mwenyewe."

Wakageuza jingine. Huku tano, huku ishirini na tano. Jingine, huku kumi, huku ishirini. Mawe kumi na manne yana namba mbilimbili. La juu lina yake kumi na tano, halina ugomvi na mtu. Mawe kumi na manne mengine ni meupe pee, hata tone la rangi hakuna.

"Na haya mliyashushaje bila namba?" mzee akauliza.

Vibarua wakatazamana. "Tulijua namba iko upande ule mwingine," akasema mmoja. Mwenzake aliyekuwa upande ule mwingine akasema, "Na sisi tulijua iko kwenu."

Kichwa kikamzunguka Patasi. Yeye aliandika kulia, baba aliandika kushoto, kwa nini jiwe moja libebe rangi ya wote wawili? Akahesabu upya. Akahesabu kuanzia mwisho. Akamwambia Spidi ahesabu, Spidi akapata mawe thelathini na moja, akaambiwa akae chini.

Hapo ndipo injinia wa manispaa akaingia, kofia ngumu kichwani, viatu havijagusa udongo. Akaelezwa. Akamtazama mzee kwa huruma ile inayouma kuliko tusi.

"Mzee wangu, siku ile ulikuwa na homa, siyo?"

"Homa ilinipata usiku. Kuandika niliandika mchana."

"Sawa. Lakini umri nao, mzee wangu." Akamgeukia Patasi. "Dada, wewe ulifanya sehemu yako?"

"Nilifanya, kama nilivyoambiwa."

"Basi kuanzia saa nane kazi utaisimamia wewe. Mzee apumzike nyumbani. Saa nane nakuja na karatasi, utasaini."

Mzee hakubisha. Aliketi juu ya jiwe, akashika tama, na kitu alichosema baadaye, polepole, kama anajisemea, ndicho kilichomkata maini binti yake.

"Labda kweli niliandika huku na huku. Mbona sikumbuki? Mama, nitakuwa nimeanza kupotea akili?"

Huyu ni mtu anayekumbuka ukuta alioujenga kabla hujazaliwa, na kitasa cha mlango wake. Patasi akaenda zake langoni, akaegemea nguzo, akatoa simu. Afadhali simu, haina macho ya baba.

Akafungua ile picha. Hapo yuko yeye na meno yake yote nje, tao nyuma yake. Akaikuza. Mguu wa kulia una namba zake nyekundu. Mguu wa kushoto hauna kitu. Sasa, namba za baba ziko wapi? Upande wa soko, chini ya turubai, sawa. Lakini kwa nini baba alisimama sokoni? Soko si ndani?

Akainua macho. Na pale alipoegemea, usawa wa kifua chake, kulikuwa na tundu la mraba kwenye nguzo, refu la kuingia mkono mpaka kwenye kiwiko. Nguzo ya pili tundu lile lile, yanatazamana. Ameyaona tangu utoto, watu hutupia humo maganda ya karanga. Leo akajiuliza ya nini.

Ya gogo. Gogo la kukomea mlango. Na wewe ukifunga mlango wako ulale, komeo unaliweka upande gani? Upande uliolala wewe.

Matundu yalikuwa upande wa uwanja.

Patasi akazunguka nguzo akaenda sokoni, akarudi uwanjani, akaenda tena sokoni. Upande wa soko ndio wenye maua ya kuchongwa, urembo wa kuwaonyesha wageni. Upande wa uwanja ni mawe matupu na komeo. Mji wa kale ulikuwa uwanjani. Soko, benki, manispaa, ni waliokuja wakapiga kambi mlangoni, wakazidi, wenyeji wakapungua, mpaka nje ikajiita ndani. Baba yake alisimama nje kweli. Yeye alisimama ndani, akaugeukia mguu wake wa kulia, ambao ndio huo huo wa kushoto wa baba.

Kosa lilikuwa lake. Lote.

Akamkuta mzee anafunga mwiko na timazi kwenye gunia.

"Baba, nje ni sokoni."

"Ndiyo," mzee akasema, anashangaa. "Kwani wewe ulisimama wapi?"

Binti akaonyesha uwanja kwa kidevu. Mzee akaelewa. Ukamtoka uzito fulani mabegani, ukaonekana kabisa unatoka, kisha ukarudi mwingine.

"Hukunifundisha komeo, baba."

"Sikukufundisha. Nilidhani mwenye macho haambiwi tazama." Akakaza kamba ya gunia. "Sikiliza, mama. Usiseme. Ukisema atatufukuza wote, waje watu wasiojua hata mgeni husimama wapi. Mimi sasa najua kichwa changu kizima, yanitosha. Wewe saini."

"Na watu watasema nini juu yako?"

"Watasema mzee kachoka. Si kweli nimechoka?"

Saa nane injinia akafika na karatasi na kalamu. Patasi akaishika kalamu. Akamtazama Spidi, akamtazama baba yake na gunia lake, akaona ile kalamu nzito kuliko jiwe la juu.

"Injinia, aliyekosea ni mimi. Nilisimama ndani nikidhani niko nje."

"Sijakuelewa."

Akamwonyesha picha ya simu, akampeleka kwenye tundu la komeo, akamwambia aingize mkono. Injinia akaingiza, akatoa, akatazama soko, akatazama uwanja. Alibaki hapo dakika nzima anageukageuka kama mtu aliyeshukia kituo kisicho chake. Nyuma yao Spidi akasema taratibu, "Kwa hiyo wageni ni nyinyi," na hakuna aliyecheka.

"Mzee abaki," injinia akasema mwishowe. "Ile picha itasaidia kuyapanga yale meupe. Lakini wewe, dada, jukwaani hupandi tena mpaka tao lifungwe. Utakoroga chokaa."

Patasi akakoroga chokaa wiki saba. Mawe meupe yalipatikana, moja moja, kwa picha na kwa jicho la baba yake. Siku ya jiwe la juu, mzee alilipokea, akalishikilia hewani kidogo, akachungulia chini kumtafuta binti yake. Binti alikuwa chini, mikono myeupe mpaka viwikoni, kichwa ameinua. Mzee akasubiri. Injinia akatikisa kichwa, hapana. Jiwe likaingia mahali pake kwa mkono wa baba, si wa binti.

Mpaka leo wapo wanaosema binti alifanya la maana, na wapo wanaosema ni mjinga, baba mwenyewe alishamruhusu anyamaze. Yeye ukimuuliza anasema hajui, siku nyingine anajuta, siku nyingine hajuti.

Wewe je? Kalamu iko mkononi, baba kashabeba gunia lake, na aliyekuambia nyamaza ni yeye mwenyewe. Ungesaini?