Kunde Zilizopita Motoni

Siku ya tano baada ya kupandwa, kunde huwa zimeshachungulia. Siku ya tisa nilikuwa nimepiga magoti shambani nafukua shimo baada ya shimo, na kila punje ilikuwa imevimba, inapondeka kidoleni, inanuka. Mvua ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoniuma, sikuwa na wa kumlaumu.

Nilirudi na punje tatu kiganjani. Mama mkwe alikuwa jikoni anapepeta dengu. Alikuja kutusaidia mke wangu alipojifungua.

"Zimeamka, baba?"

"Zimelala, mama."

"Basi zipigie kelele. Sauti unayo."

Nikafungua kiganja. Ungo ukasimama.

"Hizi si za gunia la nyuma ya mlango?"

"Ndizo."

"Zilikuwa na wadudu. Nilizikaanga." Akatua ungo chini. "Kavu, moto mdogo, gunia zima, nikazirudisha humo humo. Siku mbili nimesimama jikoni. Nikasema angalau wajukuu watakula mpaka mavuno. Hukuniambia ni mbegu!"

Angekuwa mke wangu, ningefoka. Mkwe humfokei. Na kweli sikumwambia. Nilitua gunia, nikaenda zangu kibaruani.

Mke wangu akatoka chumbani, anamnyonyesha mtoto. "Dukani je?"

"Nimepitia huko nikitoka shamba. Mbegu zimekwisha. Zimebaki dengu za kupasuliwa, na hizo hazioti hata uzibembeleze. Majirani wameshapanda zote."

"Kwa hiyo tutakula nini?"

Mama mkwe alijifunga nguo kiunoni.

"Sufuria ilikuwa inajaa," akasema. "Za juu hazikushika moto sawasawa. Twende."

Tulifukua mstari kwa mstari, yeye kwa vidole, mimi kwa kijiti. Ikipatikana yenye ncha nyeupe ya mzizi, anairudishia udongo taratibu kama anayemfunika mtoto, anachomeka kijiti kando. Alasiri tulifika mwisho wa shamba. Nikageuka nikahesabu vijiti. Kumi na moja. Mbuzi mmoja angemaliza shamba langu kwa kupita tu.

Mke wangu akaita kutoka mlangoni, "Mmepata?"

Mkwe akanitazama, nijibu mimi.

"Kumi na moja!" nikapaza sauti. "Na hizo ni mbegu. Nimesema mapema, asizikaange mtu."

Mama mkwe akacheka. Kisha akaketi kwenye tope, akashindwa kunyanyuka kwa uchovu.