Ala ya Ngozi ya Tabitha

Omosa fundi viatu alikuwa akibandika kiraka kwenye gambuti ya mtu, hapo mbele ya soko la Litein, Kimeli alipofika kuomba sindano na uzi. Alikalia kreti ya soda, akangoja zamu yake huku akisalimia kila aliyepita, maana Kimeli ni mtu wa watu. Nyumba yake ikikosa wageni siku mbili, hutoka barabarani akawatafuta.

"Unashona nini, mzee?" Omosa aliuliza.

"Nyumba ya kisu."

"Wewe? Si hata kifungo cha shati hushonewa na mama?"

Waliokuwa wakingoja viatu vyao walicheka. Kimeli pia alicheka, kisha akafungua koti na kuwaonyesha mfuko uliopasuka. Yeye ndiye mkata nyama wa kijiji. Iwe harusi, iwe matanga, iwe siku ya mahari, huitwa yeye na kisu chake kilichofuliwa kutoka springi ya lori. Miaka yote alikibeba kikiwa kimefungwa kwa gazeti. Jumamosi iliyopita, kwenye mazishi, gazeti lilichoka. Kisu kilitoboa mfuko, kikashuka na kusimama wima ardhini kando ya kiatu cha pasta, maombi yakiendelea. Akina mama walikuwa bado hawajamaliza kuicheka hiyo.

"Ngozi uko nayo?"

"Niko nayo."

Omosa alimpa sindano mbili, uzi mnene na kipande cha mshumaa cha kupaka uzi. Akamweleza kwamba ngozi hulowekwa kwanza ilainike, halafu kisu huvalishwa karatasi ya nailoni kisishike kutu, ndipo ngozi ikunjwe juu yake ikaukie hapo ishike umbo. Tena katikati ya mshono huwekwa ukanda mwembamba wa ngozi, la sivyo makali yatakula uzi. Kimeli aliitikia yote. Hilo la ukanda alikuwa amelisahau kabla ya kufika kwenye boda boda.

Ngozi ilikuwa darini juu ya jiko, imekunjwa, nyeusi kwa moshi. Ilikuwa ngozi ya Tabitha, ng'ombe wa Janeffer.

Janeffer ni mjane, boma lake liko ng'ambo ya kijito. Alipoenda Bomet kumsaidia mke wa mwanawe Vinny, ambaye alikuwa amejifungua, alimwachia Kimeli ng'ombe wake wa pekee, friziani wa maziwa, amtunzie mpaka arudi. Maziwa anywe na watu wake. Hivyo ndivyo tunavyofanya hapa, wala hakuna anayeandikishana. Kisha wakaja watu wa Kapsoit kumposa Cate, binti wa Kimeli. Kimeli alikuwa ameshawatangazia kwamba kwake kutachinjwa ndume, na ndume wake alikuwa amekonda mbavu ziko nje. Aliona aibu wageni waje kwake watafune mifupa. Asubuhi ya siku hiyo akamchinja Tabitha.

Kijiji kizima kilikuja. Walikula, wakasifu, wakafungiwa na nyama za kubeba. Hakukuwa na mtu pale asiyemjua Tabitha.

Janeffer aliporudi, Kimeli alimwambia ng'ombe alikula majani yenye umande, akafura tumbo, akafa. Kwetu, ukiwekewa ng'ombe na akufe, unampelekea mwenyewe ngozi aione. Kimeli alisema mbwa waliiburuta.

"Basi ni Mungu," Janeffer alisema, akarudi kwake na kamba ya ng'ombe mkononi.

Sasa Kimeli alikata kipande cha ngozi hiyo, sehemu ya tumbo, akakiloweka kwenye beseni nyuma ya nyumba. Kulipopambazuka maji yalikuwa meupe. Mkewe, Chemutai, alichovya kidole akaonja.

"Ni maziwa," alisema.

Aliyachuja kwa kitambaa, akapika chai. Yalikuwa na harufu ya moshi, na hapa hakuna anayekataa maziwa yenye harufu ya moshi.

Kazi yenyewe ilimsumbua. Matundu aliyatoboa kwa msumari, mengine yamebanana, mengine yameachana kama watu waliokosana. Alijidunga kidole mpaka akazoea. Alipomaliza, alichomeka kisu kwa nguvu na makali yakakata uzi pale kwenye ncha, akakumbuka ule ukanda. Akashona tena juu ya mshono ule ule, kisu kikakata tena, akaacha. Kitanzi cha mshipi alikuwa amekiweka upande wa kushoto, na yeye hutumia mkono wa kulia. Hata hivyo ilikuwa ala. Aliivaa, akazunguka nayo boma lote akiwa na furaha.

Jioni, saa ya kukamua, ala ilianza kuvuja maziwa kupitia ile ncha. Yaliloweka suruali yakaingia kwenye kiatu. Asubuhi ikawa vile vile. Kimeli aliivua akaitundika msumarini. Haikutoa hata tone. Ilijaa, ikavimba, ikakaza nyuzi zake, ikaanza kulia kwa sauti ya chini kama ng'ombe aliyefungiwa mbali na ndama.

"Baba Cate, si uvae kitu yako," Chemutai alisema kutoka jikoni. "Inaumia."

Akaivaa. Tangu siku hiyo akawa anatembea na koti refu la mvua hata jua likiwaka, na wakati wa kukamua anajitenga kwenye majani chai, anasimama katikati ya mistari mpaka maziwa yaishe.

Wiki iliyofuata Janeffer aliita watu kwake kumshukuru Mungu kwa ajili ya mjukuu. Alikuwa na mbuzi mmoja, na wa kumkata alikuwa Kimeli. Hangeweza kukataa. Mkata nyama akikosa kufika, watu huuliza kwa nini, na wakianza kuuliza hapa hawaachi. Alifika mapema ili aondoke mapema, lakini pasta alichelewa, akaomba kwa urefu, na nyama ilipoiva jua lilikuwa limeshageuka. Nyumba ilikuwa imejaa mpaka wengine wamekalia ndoo.

Janeffer alisimama mlangoni na birika.

"Wageni wangu, mnisamehe. Leo ni turungi tu. Mambo ya maziwa kwangu mnayajua."

Watu waliangalia vikombe vyao. Kumpa mgeni chai bila maziwa, katika nchi hii iliyojaa majani chai na ng'ombe, ni jambo ambalo mama hulitamka mara moja tu na kuinamisha macho. Ndipo tone la kwanza likaanguka sakafuni.

"Kimeli, unamwaga," alisema Peterson, mzee wa kanisa.

"Si mimi."

"Ni wewe bana. Fungua koti. Mama Vinny, hebu leta sufuria, hii isiende bure."

Kimeli alifungua koti. Sufuria iliwekwa. Alisimama katikati ya nyumba, kisu mkononi, miguu ameipanua, na Janeffer akanawa mikono, akachuchumaa kando ya nyonga yake, akashika ncha ya ala kwa vidole viwili. Alijua mahali pa kushika. Maziwa yalishuka kwa mfululizo, yakatoa povu. Watu walisogeza viti ili waone.

"Nani alikushonea?" mmoja aliuliza.

"Nilijishonea."

"Inaonekana."

Sufuria ilipojaa, Janeffer alionja.

"Huyu ni Tabitha," alisema, kama mtu anayetambua mgeni kwa hatua zake nje.

Wote mle ndani walikuwa wamekula kwa Kimeli siku ya Cate. Peterson ndiye aliyeondoka na kichwa cha ng'ombe.

"Alikufa na nini tena, Baba Cate?" Janeffer aliuliza, bado amechuchumaa.

Ukweli ulikuwa umeshafika mdomoni mwa Kimeli, mzima, haukuhitaji hata kutafunwa. Lakini nyumba ilikuwa imejaa, watu wamekaa vizuri, chai iko karibu, na Kimeli hajawahi kuharibu nyumba iliyojaa.

"Kufura tumbo, Mama Vinny."

"Na ngozi?"

"Mbwa."

Ala ililia kidogo kiunoni mwake. Janeffer aliipapasa, ikanyamaza. Kisha akainuka akapika chai, akawapitishia wote, akianza na Kimeli kwa sababu ndiye aliyefanya kazi. Akasimama akiwatazama mmoja mmoja. Walikuwa majirani zake wa miaka mingi.

Peterson alipuliza kikombe, akanywa.

"Sukari imetosha," alisema.

"Imetosha kabisa," wakajibu wengine.

Sasa mambo yameshazoeleka. Maziwa ya asubuhi Kimeli huyapeleka kwenye lori la maziwa kama mtu mwingine yeyote, na karani ameacha kumuuliza ana ng'ombe gani. Ya jioni ni ya Janeffer. Huvuka kijito na jagi lake, maji ya vuguvugu na mafuta ya kukamulia, akamkuta Kimeli amesimama kando ya njia, koti wazi. Huiosha ala, huipaka mafuta pale mishono ilipokwaruza, huikamua. Kila jioni huja pia na konzi ya majani ya nepia, yale ya kulisha ng'ombe, akaiweka karibu na viatu vya Kimeli. Wachumaji wanaotoka kupima majani hupita hapo na vikapu vyao mgongoni.

"Chamgei," wanawasalimia.

"Chamgei mising," wote wawili wanajibu.

Kimeli bado huitwa kukata nyama, na siku hizi huitwa zaidi, kwa sababu akija, chai haikosi maziwa. Boma la ng'ambo ya kijito halina ng'ombe. Kamba inaning'inia kwenye nguzo.

Mwanzoni Janeffer alikuwa akimaliza anauliza alikufa na nini. Siku hizi haulizi. Anafunika jagi, anafuta mikono kwenye leso, anageuka aende zake.

"Kufura tumbo," Kimeli anamwambia mgongo wake.