Habari za Mustafa

Felista, mtafiti kutoka Dar, alikuja Mahurunga kuwahoji wageni wetu waliokimbia vita ng'ambo ya Ruvuma. Wao Kiswahili hakiwapandi, yeye Kimakua hajui. Nikawekwa mimi katikati, maana marehemu mama alikuwa Mmakua, hata kunigombeza alinigombeza kwa Kimakua.

Tulikaa barazani kwangu na wawili wao, Husna na mama mkwe wake, Bi Atija. Nikawachangamsha kwanza.

"Kitendawili! Mjamzito, lakini mtoto kambeba nje ya tumbo."

"Bibo na korosho yake!" Bi Atija akacheka. "Mwenzangu, hicho hata mbuzi anakijua."

Mustafa, mume wa Husna, alikuwa mwana wa pekee wa Bi Atija. Husna alimwona akiuawa. Aliniambia tukimenya mihogo, akaniapisha nisiseme. Mkwewe anajua kapotea tu. Kila Ijumaa hupanda kilimani unakoshika mtandao wa ng'ambo, akaomba apigiwe namba ya mwanawe.

Felista akawasha kidude chake cha kurekodia. "Muulize Husna, mumewe yuko wapi?"

Nikauliza. Husna akainamia kanga yake. "Hatujui."

Nikatafsiri hivyo hivyo. Jibu lilikuwa lake.

Binti ana huruma, simsemi vibaya. Akamgeukia Bi Atija, akamshika mkono, huku akiniambia mimi. "Bibi, mwambie mama asikate tamaa. Kuna watu kazi yao ni kutafuta waliopotea. Nitawapa jina la Mustafa. Wengine wamepatikana hai."

Nikajifunga kanga upya.

"Anasemaje?" Bi Atija alikuwa kalisikia jina la mwanawe.

"Mwambie, bibi," Felista akahimiza.

"Mwanangu, tuyaache kwanza."

"Kwa nini? Si habari njema?"

Bi Atija akanivuta kanga. "Mwenzangu, wamemwona? Yuko wapi?" Kasimama tayari, mguu unatafuta kandambili.

Husna akamshika kiuno, akamkalisha. "Mama, Mustafa amekufa. Nilikuwepo. Hata kumzika sikuweza, nilimfunika matawi nikakimbia."

Bi Atija hakulia. Alimpiga kofi, akaongeza la pili. "Mwaka mzima unaniacha nampigia simu maiti!"

Husna hakukinga uso.

"Bibi, wanasemaje? Wanasemaje?" Felista ananiuliza, na kidude bado kinawaka taa nyekundu.

"Zima hicho, mwanangu. Nenda ukawaite majirani. Hapa sasa ni msibani."

Husna alikuwa ameanza kuvua hereni, kama mjane.