Nguzo ya Baba

Mzee hakutulia. Alikuwa amewekewa kiti cha plastiki mlangoni mwa ukumbi, chupa ya maji na heshima zake zote, maana ndiye fundi pekee aliyebaki hai kati ya walioujenga. Lakini kila bintiye alipohamishia ngazi kwenye nguzo nyingine, naye alinyanyuka, akajikongoja nyuma yake.

"Baba, si ukae? Utaumiza magoti bure."

"Magoti yangu yamekukosea nini? Fanya kazi yako, mama."

Alimwita mama kwa sababu alimrithisha jina la mamake mzazi. Leo pia alimwogopa. Binti alikuwa mhandisi, na kamati ilimtaka apime kila nguzo ya Ukumbi wa Umoja, aandike nzima au mbovu, kisha atie sahihi. Kulikuwa na wakubwa waliotamani kuona jengo la vioo mahali pale, na walichokuwa wakitafuta ni kisingizio tu. Nguzo moja mbovu ingewatosha.

Ukumbi ulijengwa mwaka wa pili wa uhuru. Nguzo thelathini, moja kwa kila nchi iliyotazamiwa kuleta wajumbe, na juu yake paa moja pana la zege, bila urembo wa kikoloni hata wa dawa. Zege liliachwa wazi, bila rangi, likabaki na chapa ya mbao zilizolishika lilipokuwa bichi: mishipa, vifundo, maungio. Wageni walipapasa wakadhani ni mti. Nyingi za mbao hizo aliziranda mzee enzi za ujana wake, na hakuna mgeni aliyewahi kunywa chai kwake akanusurika na habari hiyo. Nguzo ya kumi na tisa aliifanya yake kabisa. Mtoto akioa, akihitimu, mjukuu akitimiza mwaka, wote walipelekwa kupigwa picha mbele ya nguzo ya baba.

Ngo, ngo, ngo. Binti alipiga kwa nyundo ndogo chini, kati na juu, akatega sikio. Ya kumi na sita, nzima. Ya kumi na saba, nzima. Jasho jembamba lilimtoka mzee.

"Tusimame kidogo tule."

"Baba, tumetoka kula sasa hivi!"

Alichokijua mzee hata marehemu mkewe hakukijua. Siku tisa kabla ya wageni kufika, mvua iliwakuta wakimwaga zege la nguzo ile, kazi ikakatika katikati. Mbao zilipofunguliwa, juu kidogo ya kimo cha mtu palikuwa na shimo la kutosha tikiti. Nyapara hakuwepo, alikuwa amekwenda kupokea mazulia. Naye, kijana wakati huo, akaogopa kufukuzwa, na kusema kweli akaona aibu pia, nchi nzima ikiwa inangoja. Akalijaza shimo kwa mifuko mitupu ya saruji, akapiga plasta, akatoa kitana mfukoni na kuchora mishipa ya mbao. Kifundo alikibonyeza kwa kidole gumba. Ikatoka nzuri kuliko zote. Akaanza kuiita yake ili asipatikane mtu wa kuichunguza.

Tangu hapo, kila redio ilipotangaza mkutano pale, alikosa raha mpaka asikie watu wametawanyika salama.

Binti alifika kwenye ya kumi na tisa. Akaegemeza ngazi, kisha akacheka, akaiondoa.

"Hii nayo niipige ya nini? Hii si ya baba?"

Akaandika: nzima.

Basi, yakawa yamekwisha. Mzee alingoja moyo utulie, nao ukazidi kumwenda mbio. Chini ya karatasi ile palikuwa na nafasi ya sahihi, na mwenye kutia sahihi hakuwa yeye.

"Piga," akasema.

"Baba, muda..."

"Panda upige juu, upande wa ukutani. Penye kifundo."

Alipanda, akapiga. Haikulia ngo. Ililia kama mlango wa kabati. Akapiga tena kwa nguvu, kipande cha plasta kikadondoka, na karatasi ya mfuko wa saruji ikachungulia, kavu, maandishi yake bado yanasomeka.

Binti akamgeukia babake kutoka juu ya ngazi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu."

"Siku ya harusi yangu ulinisimamisha hapa."

"Ndiyo."

"Na wanangu pia."

"Ndiyo, mama."

"Kumbe miaka yote hii nguzo za jirani ndizo zinazokubebea mzigo."

Mzee alitaka kumkaripia, badala yake akauliza:

"Watabomoa?"

"Inatengenezeka. Nitaandika hivyo. Wao watakavyosoma, sijui."

Binti alishuka, akafuta neno nzima, akaandika mbovu. Akauliza mwaka, mwezi, nani alikuwa zamu. Mzee alijibu kila swali, na majina yake aliyataja yote matatu, kama mtu aliyefika dirishani kwa karani asiyemjua. Ilimuuma kuliko alivyotarajia.

Kisha mzee akaikokota ngazi kuelekea nguzo ya ishirini. Binti hakusogea. Alikuwa anaitazama orodha yake.

"Kati ya hizi nilizopita, zipi ulifunga mbao wewe?"

"Zote za upande huu. Lakini hizo ni nzima, mama. Haki ya Mungu."

Binti aliichukua ngazi mikononi mwake, akairudisha kwenye nguzo ya kwanza, akaanza upya, shubiri kwa shubiri, kuanzia sakafuni. Mzee akaenda kumshikia ngazi.