Dirisha la Vardges

Dhoruba ilipovunja dirisha la chumba cha kaka yake, Arpenik alipigilia nailoni. Vioo havikupatikana sokoni. Vita vilifunga barabara, na umeme ulikuja kama mgeni asiyependa kukaa. Kule juu mlimani, kwenye kituo cha kuchunguza nyota Arpenik alikofanya kazi tangu ujana wake, darubini kubwa ilikuwa imelala.

"Nailoni inazuia upepo," alisema.

"Na barabara pia," Vardges akajibu. "Nimekuwa kama nzi ndani ya maziwa."

Mapafu yake yalikuwa yamechoka, ngazi zimemshinda. Ilimbakia kazi moja tu: kutazama barabara ipandayo kutoka bondeni. Mwanawe Ruben, aliyekwenda vitani msimu wa zabibu, angerudi kwa njia ile.

Chini ya kitanda cha Arpenik kulikuwa na masanduku ya picha za anga, zilizopigwa juu ya vipande vya kioo. Katika mojawapo, nyota hafifu ilikuwa imewaka ghafla, ikafifia. Wakubwa wake walimcheka: "Hilo ni vumbi, Arpenik." Vioo vile ndivyo vilivyokuwa ushahidi wake pekee, na hesabu yake ya kuithibitisha nyota ile ilikaribia kukamilika. Hakuolewa. Alikuwa na vioo, na alikuwa na Ruben, aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

Asubuhi moja alichemsha maji, akatia magadi, akaanza kuvikwangua vile vioo picha zake.

"Unafanya nini huko?" Vardges aliuliza kutoka chumbani.

"Napika."

"Tangu lini wewe ukajua kupika?" Kisha akausikia mkwaruzo wa kisu. "Arpenik. Usiniambie ni vile vioo vyako."

"Vilikuwa na vumbi. Hata wakubwa walisema."

"Maumivu yako niyabebe mimi, dada yangu."

Arpenik alivipanga kwenye fremu ya dirisha, akaviunga kwa utepe na nta. Vardges akaiona barabara, akacheka mpaka akakohoa. "Namwona punda wa jirani yetu Melkon. Maskini, amekonda kunishinda mimi."

Hazikupita siku nyingi, lori likasimama kwenye kona. Wanaume watatu walishuka, wakavua kofia theluji ikiwaangukia. Vardges alizitazama nyuso zao, moja baada ya nyingine. Jikoni, Arpenik alisikia kiti kikianguka.

"Lini?" aliwauliza mlangoni.

"Mwanzoni mwa mwezi, mama."

Kabla ya vioo. Kabla hata ya dhoruba. Alipokuwa mdogo, Ruben aliwahi kumuuliza, "Shangazi, nyota ikifa, nani anatuambia?" Naye akamjibu kwamba hakuna, mwanga wake huendelea kuja, nasi huendelea kuitazama.

Alipanda chumbani akiwa na ile nailoni na nyundo. Vardges alikuwa amesimama, paji la uso limegusa kioo.

"Nikuzibie, kaka?"

"Acha," alisema. "Watamleta kwa njia hii hii."

Arpenik akaiweka nyundo chini, akakiinua kiti, akamketisha. Kisha akasimama nyuma yake, mikono mabegani mwake, wakaitazama barabara pamoja.